Baba wa Mbwa Huyu Ni Nani? Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Asili ya Mtoto wa Mbwa Chotara wa Kazi

Miaka michache iliyopita, tarehe 20 Juni, nilipanda gari Makambako kurudi Makete nikiwa na mtoto wa mbwa ndani ya koti. Juni ya huku kwetu mnaijua, hata binadamu anatetemeka. Niliambiwa ana wiki nane, mama yake ni mbwa wa kienyeji, na baba yake ni jamani shepadi (German Shepherd) wa shamba kubwa la jirani. Nililipa bei ya chotara bila kubisha kwa sababu nilikuwa nahitaji mbwa wa kulala na kondoo, na mama yake nilimwona kwa macho yangu akibweka kama mwenye boma.

Siku ya pili mzee jirani yangu alikuja kumwona. Alimgeuza, akampapasa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu ulimfungua mdomo kabla ya kulipa?"

"Hapana, baba."

"Basi mfungue sasa."

Swali lile ndilo lililonifundisha yote ninayoyaandika hapa. Mbwa wa kazi si pambo. Ukidanganywa kuhusu baba yake, hasara haiishii kwenye bei. Unaweza kumpandisha na ndugu yake bila kujua, unaweza kumpa dawa itakayomuua, na unaweza kupoteza mwaka mzima ukimfundisha kazi asiyoiweza. Nataka mnunuzi mwingine asipite nilikopita.

Kabla ya kuanza, shika jambo moja maana kila hatua inalitegemea: kumkataa baba aliyetajwa ni rahisi kuliko kumthibitisha. Tarehe, meno na rangi vinaweza kukuambia "huyu hawezi kuwa baba". Haviwezi kukuambia "ndiye". Hilo la pili ni la maabara.

Hatua ya 1: Nenda nyumbani kwa mama

Usinunue mtoto wa mbwa stendi wala mnadani kama asili yake ni muhimu kwako. Nenda mwone mama akiwa ananyonyesha, na uwaone ndugu wote waliozaliwa naye. Mtoto mmoja peke yake ni ushahidi mdogo sana. Watoto sita au saba pamoja wanasema mengi.

Ukifika, salimia, kaa, kunywa chai ukikaribishwa. Usiingie kama polisi. Uliza kwa utaratibu: mama alianza kutoa damu lini? Alipandwa wapi, mara ngapi, nani aliona? Alizaa lini? Watoto walikuwa wangapi? Andika majibu hapo hapo kwenye daftari au simu. Muuzaji mkweli mara nyingi atasema "sikumbuki vizuri" mahali fulani, na hilo halimharibii jina. Anayenipa wasiwasi ni yule ambaye tarehe zake zinabadilika kila swali linaporudi.

Piga picha ya mama, kichwa, mwili wote na miguu. Kama dume anayetajwa yupo karibu, nenda ukampige picha naye.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Watu wengi huiruka hatua hii na kukimbilia masikio. Nakuomba usiiruke, kwa sababu haina gharama na ina nguvu kuliko macho yako.

Joto la mbwa jike, yaani kipindi chake cha kutaka dume, huchukua wiki tatu hivi. Siku za mwanzo anatoa damu na kuvimba, madume wanamfuata, lakini yeye anawafukuza. Kwa wengi, kuanzia kama siku ya tisa au ya kumi damu hupauka, anasogeza mkia pembeni na kukubali. Hali hiyo ya kukubali inaweza kuendelea siku tano, tisa au zaidi. Ina maana kwamba jike aliyepelekwa kwa dume Jumatatu na kurudishwa nyumbani jioni bado anaweza kupandwa Jumatano na dume wa jirani.

Mbegu za dume zinaweza kuishi ndani ya jike kwa muda wa kama wiki. Mayai nayo hayako tayari mara tu yanapotoka, yanahitaji kama siku mbili kukomaa. Kwa hiyo siku ya kupandwa na siku ya kushika mimba si lazima ziwe moja. Ndiyo maana ukihesabu kutoka siku aliyopandwa hadi kuzaa, muda unaanzia siku 57 hadi 72, na wastani ni kama 63.

Chukua tarehe ya kuzaliwa, rudi nyuma siku 57, kisha rudi nyuma siku 72. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo baba alipopita. Kama dume aliyetajwa hakuwa karibu na jike ndani ya dirisha hilo, si yeye.

Chukua mtoto wangu kama mfano. Muuzaji alisema jike alipandwa tarehe 14 Februari, na watoto walizaliwa tarehe 25 Aprili. Ukitoa siku 57 na 72 kwenye tarehe 25 Aprili unapata kati ya 12 na 27 Februari. Maelezo yake yalikaa sawasawa na hayakuwa na ufa, mpaka mzee alipofungua mdomo wa mtoto.

Hatua ya 3: Soma meno ili upate umri wa kweli

Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Meno ya utoto huanza kuchomoza karibu wiki ya tatu: chonge na meno ya mbele kwanza, magego baadaye. Akifikisha wiki nane kwa kawaida meno yote 28 ya utoto yapo. Kuanzia miezi mitatu na nusu hivi ya mbele huanza kubadilika, chonge za kudumu hutoka karibu mwezi wa tano au wa sita, na kufikia miezi saba mbwa ana meno 42 ya ukubwani.

Mtoto wangu alikuwa na meno ya mbele mafupi yaliyokuwa bado yanapanda, chonge kama ncha za sindano, na magego ndiyo kwanza yanatokeza. Hizo si wiki nane. Mzee alikadiria wiki tano. Kwa kuwa mtoto aliyelishwa vibaya anaweza kuchelewa kuota meno, nilimwongezea nafasi nikaweka kati ya wiki nne na nusu na sita. Hapo kuzaliwa kunaangukia kati ya tarehe 10 na 20 Mei, na kupandwa kati ya 27 Februari na 24 Machi. Nilipouliza zaidi niliambiwa yule jamani shepadi aliondolewa shambani katikati ya Februari, akasafirishwa mbali.

Sijui kama muuzaji alikusudia kunidanganya au alihesabu vibaya. Nilichojua ni kwamba shepadi hakuwepo.

Kwa hiyo usipokee umri kwa mdomo. Ufungue mdomo wa mtoto mwenyewe, mchana, kwenye mwanga. Kama huna uzoefu, mwite bwana mifugo wa kata akusaidie. Ni kazi ya dakika tano.

Hatua ya 4: Nani mwingine aliweza kumfikia jike?

Zunguka boma. Tazama uzio una urefu gani na chini yake pamechimbwa wapi. Uliza usiku jike hulala wapi. Vijijini kwetu mbwa wengi hufunguliwa usiku ili walinde, na hiyo ndiyo saa ambayo madume wa kijiji kizima hufika. Sehemu za barabarani kama Makambako, Mafinga au Uyole hali ni ngumu zaidi, maana mbwa wanazurura kutoka kila upande.

"Lakini niliwaona wamenasana" ni ushahidi wa kupandwa mara moja tu. Kunasana kunaweza kuchukua dakika chache au nusu saa, na jike anaweza kushika mimba hata bila kunasana. Zaidi ya hapo, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Jike akipandwa na madume wawili katika joto moja, mayai mengine hurutubishwa na huyu na mengine na yule. Ndugu wawili wanaonyonya ziwa moja wanaweza kuwa wa baba wawili. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "ndugu yake amefanana na shepadi kabisa". Ndugu huyo anajishuhudia mwenyewe, hamshuhudii wa kwako.

Wapo pia wanaoamini kwamba jike akishapandwa na mbwa koko mara moja, damu yake imeharibika na watoto wa miaka yote inayofuata watakuwa wa yule koko. Si kweli. Mbegu haikai mpaka joto linalofuata. Jike mzuri asitupwe kwa sababu hiyo.

Hatua ya 5: Rangi na manyoya

Rangi ina sheria zake za urithi, na baadhi ni imara kiasi cha kumkataa baba. Nitataja zile tu zinazofaa kwa mbwa wanaopatikana huku.

Ya kwanza, ambayo ndiyo iliyomaliza ubishi wangu, ni rangi ya simba, yaani kahawia iliyopauka au manjano, yenye kinyago cheusi usoni. Rangi hii hutawala juu ya ile ya mbwa mweusi mwenye alama za kahawia juu ya macho, mashavuni, kifuani na miguuni, kama alivyo rotwaila. Wazazi wawili weusi wenye alama hizo hawawezi kuzaa mtoto wa rangi ya simba mwenye kinyago. Mama wa mtoto wangu alikuwa mweusi wa alama. Shepadi naye, kwa picha niliyoonyeshwa, alikuwa na mgongo mweusi na miguu ya kahawia, na rangi hiyo iko kundi moja na la mama. Mtoto wangu ni wa rangi ya simba, uso mweusi kama masizi. Basi baba alikuwa mbwa mwingine aliyebeba rangi ya simba, na mbwa wa namna hiyo wamejaa vijijini kwetu.

Kuna tahadhari moja. Wapo watoto wekundu au wa krimu wasio na unywele hata mmoja mweusi mwilini, ingawa pua ni nyeusi. Hao wanaweza kutoka kwa wazazi wawili weusi waliobeba urithi huo kwa siri. Kwa hiyo mpekue mtoto vizuri: ukikuta manyoya meusi usoni, mgongoni au kwenye ncha ya mkia, si wa kundi hilo.

Mtoto mwenye milia, yaani mistari myeusi juu ya kahawia, lazima mzazi mmoja awe amebeba milia. Mzazi huyo anaweza kuwa mweusi mtupu, au wa krimu, na milia yake ikawa imefichwa chini. Kama wazazi wote wawili ni wa rangi ya simba iliyo wazi, bila milia na wenye vinyago vyeusi, mtoto wa milia ana baba mwingine.

Mtoto mweusi mwili mzima kwa kawaida ana mzazi mweusi mwili mzima. Lakini kwa jamani shepadi kuna weusi mwingine unaojificha, ambao unaweza kuibuka kwa wazazi wasio weusi kama wote wawili wameubeba. Hapa usihukumu haraka.

Manyoya marefu hujificha chini ya mafupi. Ukimpandisha jike wa kienyeji wa manyoya mafupi na dume wa manyoya marefu, watoto karibu wote watakuwa na manyoya mafupi. Basi usimkatae baba kwa sababu tu mtoto hana manyoya marefu. Kinyume chake kina nguvu: wazazi wawili wa manyoya marefu wakizaa mtoto wa manyoya mafupi, uliza maswali.

Mbwa wa Rhodesian Ridgeback ana mstari wa manyoya mgongoni yanayolala kuelekea mbele. Mtoto akiwa na mstari huo, mzazi mmoja lazima awe nao. Akikosa, haimaanishi kitu, kwa sababu mzazi chotara mwenye mstari huzaa pia watoto wasio nao.

Hatua ya 6: Usiyapime haya

Masikio ya mtoto wa shepadi huwa yamelala, husimama taratibu kuanzia wiki ya nane au baadaye, na wakati wa kubadilisha meno yanaweza kulala tena mpaka miezi mitano au sita. Mbwa wengi wa kienyeji nao wana masikio yaliyosimama. Kwa hiyo masikio hayamtaji baba wala hayamkani. Mkia uliokatwa haurithiwi. Madoa meupe kifuani na vidoleni hutokea popote. Wapo wanaofungua mdomo watazame kama kaakaa ni jeusi wakiamini ndiyo dalili ya ukali. Hiyo ni rangi ya ngozi tu.

Sura yenyewe inadanganya. Huko Bar Harbor, Marekani, watafiti John Paul Scott na John Fuller waliwapandisha mbwa aina ya basenji, ambao asili yao ni Kongo, na mbwa wa cocker spaniel. Chotara waliozaliwa, na wajukuu wao zaidi, wengi hawakufanana na aina yoyote kati ya hizo mbili. Asiyejua historia yao angewabuni kuwa aina nyingine kabisa. Kama sura ilipotosha pale ambapo kila mzazi alijulikana na kuandikwa, itakusaidia nini kwenye boma ambalo geti halifungwi?

Hatua ya 7: Kipimo cha vinasaba

Ukihitaji uhakika, kwa mfano unataka kumtumia dume kuzalisha au kuna madai ya fedha, njia ni vinasaba. Hapa kuna vipimo viwili na watu huvichanganya.

Kipimo cha uzazi huchukua sampuli ya mtoto, ya mama na ya dume anayetajwa. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, na katika kila jozi nusu imetoka kwa mama na nusu kwa baba. Maabara hulinganisha sehemu nyingi maalumu. Kile ambacho mtoto hakukipata kwa mama, lazima kipatikane kwa baba. Kikikosekana sehemu kadhaa, dume huyo ameondolewa. Hiki ndicho kipimo unachokihitaji. Kama madume wanaoshukiwa ni ndugu, iambie maabara mapema, maana ndugu hufanana vinasaba na kazi inataka sehemu nyingi zaidi.

Kipimo cha aina ya mbwa hulinganisha vinasaba vya mbwa wako na hifadhi ya aina zilizosajiliwa. Kwa chotara wa huku sikushauri ukitegemee. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 kuhusu mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia ulionyesha kwamba mbwa wengi wa Kiafrika wana ukoo wao wa asili. Hawakutokana na mabaki ya aina za Ulaya. Hifadhi isiyo na mbwa hao wa kutosha italazimisha majibu na kukutajia aina ambazo hazijawahi kufika kijijini kwenu.

Namna ya kuchukua sampuli: mtenge mtoto na mama na chakula kwa saa moja au zaidi, kwa sababu maziwa na mate ya mama huleta vinasaba vyake mdomoni mwa mtoto. Sugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba kwa nusu dakika, usiguse pamba kwa kidole, kianike kikauke, kisha ukiweke kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, utavundisha. Andika jina la mbwa papo hapo kabla ya kugusa mbwa wa pili. Maabara ya vinasaba vya wanyama ya Onderstepoort, Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, hufanya kazi ya namna hii. Waulize kwanza vibali vya kusafirisha sampuli na wanataka sampuli gani. Daktari wa mifugo akuchukulie na kutia sahihi kama matokeo yatatumika kwenye madai.

Hatua ya 8: Asipojulikana baba, mtunze kama asiyejulikana

Wafugaji wengi wana ivermectin, dawa ya kuua minyoo na wadudu, nyumbani kwa ajili ya ng'ombe na kondoo, na wengine humdunga mbwa dawa hiyo hiyo kwa makadirio ya macho. Mbwa wa ukoo wa collie (aina ya mbwa wa kuchunga kondoo), na baadhi ya jamani shepadi, hubeba hitilafu ya jeni iitwayo MDR1 inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Mbwa hupepesuka, hupofuka, huzimia, hufa. Chotara aliyerithi nakala moja tu naye anaweza kudhurika kwa kipimo kikubwa kama hicho. Kama hujui baba, usimdunge mbwa dawa ya ng'ombe. Kamwe. Nenda kwa daktari akupe dawa ya minyoo na kupe iliyotengenezwa kwa mbwa.

Chanjo haiulizi ukoo. Dhidi ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu.

Usimpandishe na mbwa wa kijiji alikozaliwa mpaka ujue. Dume unayempenda anaweza kuwa baba yake.

Hatua ya 9: Amua kuhusu bei na kazi

Rudi kwa muuzaji na tarehe zako, si na hasira. Mimi nilimwambia, "Kaka, meno yanasema wiki tano, na shepadi aliondoka Februari. Tufanyeje?" Alinyamaza, kisha akanirudishia sehemu ya fedha. Ukipenda kujilinda tangu mwanzo, andikianeni karatasi yenye majina ya wazazi, tarehe ya kuzaliwa na makubaliano ya kurudishiana fedha vinasaba vikikataa, mbele ya mjumbe.

Kuhusu kazi, usikate tamaa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, uliona kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kwa mlinzi wa mifugo, mazingira ya utotoni yana uzito mkubwa. Kandokando ya Hifadhi ya Ruaha, Iringa, waliletwa mbwa wa Anatolia, aina ya mbwa walinzi wa mifugo yenye asili ya Uturuki, kulinda mifugo dhidi ya simba na fisi, na nao, licha ya ukoo wao, hulelewa pamoja na mifugo tangu wadogo. Mtoto wako, wa baba yeyote, mweke zizini akiwa na wiki nane hivi, alale na kondoo watulivu, ale hapo hapo, na umkemee mara moja anapofukuza mwanakondoo kwa mchezo.

Hatua ya 10: Usizalishe mashaka mapya

Yule mtoto wa Makambako sasa ni jike mzima anayelala na kondoo wangu. Jumanne iliyopita ameanza kutoa damu. Nimemfungia kwenye banda la milango miwili, sakafu ya mawe, na nimeandika tarehe ukutani kwa mkaa. Dume niliyemchagua ataletwa hapa, siku ya 11 na ya 13, mbele ya mashahidi wawili. Jike hatatoka mpaka wiki nne ziishe. Kwenye daftari lake, mahali pa baba, nimeandika "hajulikani". Kwa watoto wake mstari huo utakuwa na jina, picha na tarehe.